Mnara Ulioanguka Bila Kuagwa

Asubuhi na mapema, siku ya Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, katika mji wa Jackson, jimbo la New Jersey, nchi ya Marekani, ulisikika mshindo mkubwa kama radi ya masika. Baruti iliyotegwa miguuni mwa mnara wa chuma ililipuka, na mnara ule uliopanda meta 139 angani ukainama, ukajikunja, ukalala chini kwa sekunde chache tu. Nje ya ua walikuwako watu waliodamka katika baridi ili waone kwa macho yao. Mnara ule haukuwa wa kanisa, wala wa simu, wala wa maji. Ulikuwa mnara wa mchezo.

Jina lake uliitwa Kingda Ka, nao ulisimama katika uwanja wa michezo uitwao Six Flags Great Adventure. Kwa muda wa karibu miaka 20 hapakuwa na mwingine wa namna yake ulioupita kwa urefu duniani kote. Ulipokufa, watu wengi waliona huzuni na hasira, tena si watoto peke yao, bali hata baba na mama wenye nyumba zao. Wasomaji wapendwa, labda mtacheka mkisikia kwamba mtu mzima amesikitika kwa ajili ya chuma. Lakini ngojeni kwanza mwisho wa habari, kwa maana ndani yake mna jambo linalozihusu jamaa zetu pia.

Milima iliyotoka Urusi

Msomaji asiyepata kuona kitu hiki na afikiri reli ya gari la moshi iliyopandishwa juu ya nguzo, ikipita katika vilima na mabonde yaliyotengenezwa kwa mkono wa fundi. Juu ya reli hiyo huwekwa vigari vidogo, na watu hufungwa ndani yake barabara. Vigari huvutwa polepole mpaka kileleni, kisha huachwa vishuke kwa uzito wao wenyewe. Hapo tumbo hupanda kooni, macho hufumba, na kelele hutoka bila kuitwa. Baada ya dakika mbili hivi watu hurudi pale pale walipoanzia. Hakuna mzigo uliofikishwa, wala mji uliofikiwa. Kuna hofu na kicheko tu.

Waingereza huiita rola kosta. Wafaransa huiita milima ya Kirusi, kwa sababu asili yake ilitoka Urusi, ambako watu wa zamani walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza juu yake wakati wa baridi. Mwaka 1817 mchezo huo ulifika Paris, nao ukatiwa magurudumu. Lakini la kuchekesha ni hili: Warusi wenyewe huiita milima ya Kimarekani! Kila mmoja amemwachia mwenzake heshima, au labda lawama. Sisi hapa tutaiita reli ya mchezo.

Huko Marekani, reli ya mchezo ya kwanza kupata sifa kubwa ilijengwa na LaMarcus Thompson mwaka 1884 kwenye ufuko wa Coney Island, mjini New York. Nauli yake ilikuwa senti 5, na mwendo wake haukupita kilometa 10 kwa saa, yaani mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Husimuliwa kwamba Thompson alikuwa mtu wa dini, aliyechukizwa kuona vijana wakipoteza fedha na afya katika vilabu vya pombe, naye alitaka kuwapa furaha isiyo na aibu. Wala si ajabu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kufundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo wa kiasi ndio pumziko lake.

Sekunde tatu na nusu

Kingda Ka ilifunguliwa tarehe 21 Mei 2005. Haikuvutwa kwa mnyororo kama zile za kale. Chini ya reli ilikuwamo kamba nene ya waya, iliyofungwa kwenye pipa kubwa la chuma. Mashine zilizotumia nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa zililizungusha pipa hilo kwa ghafula, nayo kamba ikaivuta treni yenye watu 18. Katika muda wa sekunde tatu na nusu, treni iliyokuwa imesimama kimya ilifikia mwendo wa kilometa 206 kwa saa. Mara ile ikaelekea juu moja kwa moja kama mkuki uliorushwa mbinguni, ikapita kilele cha meta 139, ikashuka upande wa pili huku ikijizungusha. Habari yote ilikwisha kabla ya dakika moja kutimia.

Mara nyingine nguvu haikutosha. Treni ilipanda, ikakaribia kilele, ikasita, kisha ikarudi nyumanyuma mpaka breki za sumaku zilipoidaka. Mgeni angedhani kwamba ajali imetukia. Kumbe wenyeji wa mchezo walilihesabu jambo hilo kuwa bahati njema, kwa maana walipanda mara mbili kwa nauli moja.

Ilikuwako pia sheria moja iliyoingia mpaka ndani ya nyumba za watu. Mtoto asiyefikia kimo cha sentimeta 137 hakuruhusiwa kupanda. Basi, mtoto hupimwa mlangoni, hurudishwa, hungoja mwaka mzima, huja tena kupimwa. Siku anapokifikia kimo, hupanda pamoja na baba yake au kaka yake mkubwa, naye hushuka akitetemeka, lakini kichwa juu. Sisi tunazijua alama za namna hii. Kila kabila lina siku yake ambayo mtoto huambiwa: Leo umekua. Kwa watoto wengi wa New Jersey na majimbo ya jirani, mnara ule ulikuwa kipimo cha kukua.

Tusifiche ukweli: mnara huo ulikuwa na maradhi mengi. Mwezi wa Juni 2005, kabla haujatimiza hata mwezi mmoja, mashine yake iliharibika, ukafungwa mpaka Agosti. Mwezi wa Mei 2009 ulipigwa na radi, ukafungwa tena mpaka Agosti. Hata wale walioupenda walikiri kwamba mara nyingi walifunga safari ndefu, wakalipa kiingilio, wakaukuta umelala. Lakini nani asiyejua kwamba mzee mwenye maradhi hupendwa vilevile?

Habari iliyofika baada ya maziko

Siku ya Dominika, tarehe 10 Novemba 2024, Kingda Ka ilibeba watu kwa mara ya mwisho. Wenye uwanja hawakutangaza neno lolote siku hiyo. Ulikuwako uvumi tu, na wengine waliousikia walikimbilia huko wasije wakachelewa. Lakini wengi zaidi walibaki nyumbani, wakisema moyoni, Tutakwenda masika ijayo. Ndipo tarehe 14 Novemba, siku nne baadaye, likatoka tangazo: reli hiyo imefungwa kwa daima, pamoja na michezo mingine ya uwanja ule, ili kupisha mchezo mpya. Pamoja nayo ulikufa mchezo mwingine ulioegemezwa kwenye mnara ule ule tangu mwaka 2014, ulioitwa Zumanjaro, jina ambalo masikioni mwetu laukumbusha mlima Kilimanjaro.

Hapo malalamiko yalianza. Nayo hayakuwa ya namna moja.

Kundi la kwanza walilalamika kwa sababu hawakupata kupanda hata mara moja. Walikuwa wameweka akiba, au walikuwa wakingoja mtoto wao atimize kimo, na sasa kimo kimetimia lakini mnara haupo.

Kundi la pili walisema: Tulipanda mara nyingi, na kama tungejua kwamba ile ndiyo ya mwisho, tungeitazama kwa macho mengine. Hao ndio waliokuwa na uchungu mwingi kuliko wote. Hawakudai mnara usife. Walidai kuagana nao.

Kundi la tatu walisema kwamba ni afadhali hivyo: mashine imezeeka, yaharibika kila mara, na kila kitu kilichotengenezwa na mtu kina mwisho wake. Wala hawakukosa ukweli.

Kilichozidisha uchungu ni mfano wa ndugu yake. Katika jimbo la Ohio, kwenye uwanja wa Cedar Point, ilikuwako reli nyingine ya namna ile ile, yenye kimo cha meta 128, iliyofunguliwa mwaka 2003. Mwezi wa Agosti 2021 kipande cha chuma kiliruka na kumjeruhi vibaya mtu aliyesimama chini akingoja zamu yake. Reli ikafungwa. Lakini wenye mali hawakuubomoa mnara. Waliibadili mashine, wakaufungua tena mwaka 2024 kwa jina jipya. Kwa hiyo wapenzi wa Kingda Ka walitumaini kwamba hata mzee wao angepata dawa. Badala ya dawa ikaja baruti.

Vilio si sawa

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa sababu najua msomaji atauliza nini. Katika majuma yale yale ya mwanzo wa mwaka 2025, watu wa Goma na wa Bukavu walikuwa wakilia vilio vya namna nyingine kabisa. Wako waliokimbia usiku bila kufunga mlango. Wako waliowaacha wafu wao, wakazikwa na mikono ya wageni. Je, tutaweka kilio cha mchezo karibu na kilio cha namna hiyo?

Hapana, hatutaviweka kwenye mzani mmoja. Anayelia kwa ajili ya mnara hurudi jioni akala chakula chake na kulala kitandani pake. Lakini sisi, kwa sababu tumeonja uchungu wenyewe, twaweza kufahamu vizuri zaidi kuliko wengine neno ambalo Wamarekani wale walikuwa wakilitafuta. Tunajua kwamba kuondokewa ni jambo moja, na kunyimwa kwaheri ni jambo la pili. La kwanza ni majaliwa. La pili mara nyingi ni kazi ya wanadamu. Mtu aliyemshika mkono mama yake saa ya kufa hulia, kisha hutulia. Aliyepata habari baada ya maziko huulizauliza miaka mingi. Kama ni hivyo katika mambo makubwa, ni hivyo pia, kwa kiasi chake, katika mambo madogo.

Majirani wawili wa Coney Island

Tena si mara ya kwanza kwa jambo hili kutukia. Turudi kwenye ufuko ule wa Coney Island, alikoanzia Thompson. Palikuwako reli mbili za mchezo, zote za zamani, ambazo mwisho wao ulikuwa mbalimbali kama mashariki na magharibi.

Ya kwanza iliitwa Thunderbolt, iliyojengwa mwaka 1925. Ajabu yake ni kwamba ilijengwa juu ya nyumba. Hoteli ndogo ya zamani ilikuwa imekwisha kusimama pale. Mafundi hawakuibomoa, bali walipitisha nguzo za chuma ndani yake, na reli ikapita juu ya paa. Watu waliishi humo miaka mingi, wakipika na kulala huku treni ikinguruma juu ya vichwa vyao, na vyombo vikitikisika kabatini. Nyumba hiyo ilionyeshwa hata katika filamu ya Annie Hall ya mwaka 1977. Mwaka 1982 reli ilifungwa, majani yakaota juu ya mbao zake. Mwenye mali alitumaini kuifufua. Lakini tarehe 17 Novemba 2000, mashine za serikali ya mji zilifika asubuhi na kuanza kuivunja, bila yeye kupewa nafasi ya kujitetea. Wakuu wa mji walisema kwamba ilikuwa karibu kuanguka na kuua watu. Jambo likapelekwa hukumuni, na mwaka 2003 baraza la mahakama likaona kwamba hatari hiyo haikuthibitishwa, na kwamba mji haukuwa na haki ya kuibomoa. Naam, haki ilisemwa. Lakini hukumu haisimamishi tena mbao zilizokwisha kuwa kuni.

Ya pili iliitwa Cyclone, nayo ilifunguliwa tarehe 26 Juni 1927. Kimo chake ni meta 26 tu. Mbele ya Kingda Ka ni kama mtoto mbele ya baba yake. Katika miaka ya 1970 nayo ilitakiwa kubomolewa, ili mahali pake papanuliwe nyumba ya kuonyeshea samaki na wanyama wa baharini. Lakini watu hawakungoja mpaka mashine zifike. Walisema mapema, wakaomba, wakashindana kwa maneno, wakapata mtu wa kuikodi na kuitengeneza. Mwaka 1975 ikafunguliwa tena. Mwaka 1988 mji wa New York uliitia katika hesabu ya majengo yanayolindwa na sheria, na mwaka 1991 nchi nzima ikaiandika katika orodha ya mahali pa historia.

Tofauti ya majirani hawa wawili si mbao wala chuma. Ni kwamba kwa mmoja watu walisema kabla, na kwa mwingine hawakupewa nafasi ya kusema.

Wajibu wa anayebomoa

Wako pia waliobomoa, nao wakabomoa kwa adabu. Katika uwanja wa Kings Island, jimbo la Ohio, ilikuwako reli iitwayo Vortex, iliyofunguliwa mwaka 1987, ambayo iliwageuza watu kichwa chini mara 6. Tarehe 27 Septemba 2019 wenye uwanja walitangaza kwamba maisha yake yamefikia mwisho, na kwamba itaendelea kufanya kazi mpaka tarehe 27 Oktoba. Mwezi mzima! Watu walipata nafasi ya kurudi, baba akamleta mwanawe, wakapanda kwa mara ya mwisho wakijua kuwa ni ya mwisho. Mnara ulikufa vilevile, lakini uliagwa.

Na huko Kanada, uwanja wa Crystal Beach ulipofungwa mwaka 1989, reli yake iitwayo Comet, iliyojengwa mwaka 1948, haikuuawa. Iliuzwa kwa mnada, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapelekwa jimbo la New York, ikasimamishwa tena, na mwaka 1994 ikaanza kubeba watu upya.

Basi, nani ana haki? Kanisa latufundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali yake mwenyewe, na hiyo ni haki ya kweli. Wenye uwanja wa New Jersey walinunua chuma kwa fedha yao, walilipa mafundi, na wao ndio watakaoulizwa kama mtu akiumia. Hakuna awezaye kuwalazimisha kuitunza mashine mgonjwa milele. Lakini Kanisa hilo hilo latufundisha pia kwamba mali ina wajibu kwa watu wengine. Mtu akifungua mlango wake miaka 20, akiwaita watu na watoto wao, akipokea fedha yao na kicheko chao, huyo amejenga kitu cha pili juu ya kile cha kwanza. Kitu hicho cha pili, yaani kumbukumbu, si mali yake peke yake. Chuma aweza kukivunja peke yake. Lakini kumbukumbu za watu amezishika kama amana. Na mwenye kushika amana ya watu hana budi kuwaambia kabla hajaiondoa. Tangazo la mwezi mmoja halina gharama kubwa. Heshima haigharimu baruti.

Nasi nyumbani kwetu

Wazazi wapendwa, huenda hatutapanda kamwe reli ya mchezo. Lakini kila misioni ina mwembe wake, ambao chini yake watoto walifundishwa katekisimu kabla darasa halijajengwa. Kila kijiji kina kanisa la kwanza la udongo, au nyumba ya babu, au kisima cha zamani. Siku itakuja ambapo mwembe utakuwa umeoza, na kanisa la udongo litapisha la matofali. Kubomoa si dhambi. Wakati mwingine ni lazima. Dhambi ndogo iliyo karibu ni kubomoa kama mwizi, kabla watu hawajaamka.

Kwa hiyo, siku hiyo ikifika, waiteni wazee kwanza. Na waseme ni nani aliyeupanda mwembe ule, na ni nani aliyebatizwa pale. Waiteni watoto, waushike mti kwa mikono yao. Salini pamoja, mwimbe wimbo mmoja, ndipo shoka lishuke. Mkifanya hivyo, mtoto atakapokuwa mzee atapita mahali pale patupu na kumwambia mjukuu wake: Hapa palisimama kitu, nami nilikiaga.

Watu wa New Jersey waliosimama nje ya ua asubuhi ile ya Februari hawakuweza kumwokoa mzee wao wa chuma. Walikuja kwa jambo moja tu lililokuwa limebaki. Tangazo liliwanyima kwaheri. Wao wakaenda kuisema wenyewe, katika baridi, mbele ya mnara uliokuwa umebakiza dakika chache za kusimama.